Mwanga Uliomficha Mzee Kilumile

Siku ya tisa baada ya Mzee Laurian Kilumile kugongwa na lori na kufa, mhandisi Editha Nyagawa alirudi njiapanda ya kiwanda cha chai, akaketi juu ya jiwe la barabarani na kusubiri zamu ya alfajiri iteremke. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na baridi ya mji wa Kihanzile ilikuwa imemkaa magotini. Hii ilikuwa mara yake ya tano. Kila alipokuja alipima kitu kilekile na kupata jibu lilelile, na kila alipopata jibu hilo alitamani apime tena, kama mtu anayepapasa mfuko uleule akitafuta ufunguo ambao hakuutia humo.

Ng'ambo ya njia, hatua thelathini kutoka alipoketi, alikuwa amesimamisha mti na kuuvika koti la kijivu lililofanana na la Mzee Kilumile. Kwa sasa aliliona vizuri. Ukungu ulikuwa mwepesi, na mbingu upande wa mashariki ilikuwa imeanza kupauka.

Kisha wanawake wa kiwandani wakaanza kushuka mlimani.

Kwanza palitokea weupe tu. Weupe ukagawanyika kuwa vitone, na kila kitone kilikuwa kimulimuli cha mtu: taa ya ukubwa wa chungwa, iliyoelea kwa mapanga madogo kama ya feni, kiasi cha mkono mmoja juu ya kichwa cha mwenyewe na kumfuata kokote aendako. Akisimama, inasimama. Akikimbia, inakimbia. Ilikuwa mwaka wa sita tangu Halmashauri ya Mji iwagawie wakazi taa hizo na kung'oa nguzo zote za umeme. Watoto wa darasa la kwanza hawakujua hata nguzo ya taa inafananaje.

Wanawake themanini wakapita kati ya Editha na lile koti, kila mmoja na jua lake dogo kichwani. Editha alikaza macho. Aliona sketi, ndoo, mdomo wa mtu akipiga mwayo. Nyuma yao hakuona kitu. Koti halikufifia, lilitoweka, kana kwamba kuna mtu aliyeshusha pazia la maziwa. Akainua kipimo chake usoni, akasoma tarakimu, akaziandika chini ya zile za siku nne zilizotangulia. Walipokwisha kupita, koti lilikuwa palepale, limeloa umande.

"Shikamoo mama mhandisi," mmoja alimwamkia alipompita. "Bado tu unapima?"

"Marahaba. Bado."

"Si upumzike?"

Editha alifuta umande kwenye kipimo chake. Alikuwa anawaza kwamba Mzee Kilumile, mlinzi wa bohari, alisimama pale penye koti akisubiri wanawake wapite ili avuke kwenda kulala. Yeye hakuwa na kimulimuli siku hiyo. Chake kiliharibika mapanga, na kilikuwa kwa fundi wa Halmashauri wiki ya tatu. Lori la umeme lilishuka bila mlio, wanawake wakasogea kando kulipisha, na dereva alipoona njia mbele yake imeachwa wazi akakanyaga, Mzee akiwa ameshaanza kuvuka.

*

Mkurugenzi wa Halmashauri, Bwana Fungo, alikuwa mtu wa kuongea taratibu. Alimkaribisha chai, akamsukumia karatasi moja mezani.

"Nimekurahisishia. Kesho mahakamani mwendesha mashtaka atakuuliza kama taa zilikuwa zinawaka. Wewe si ndiye uliyezikagua?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Zilikuwa zinawaka?"

"Zote themanini."

"Basi. Hapo kuna uongo gani? Sijakuomba useme uongo, dada Editha. Nimekuomba useme hilo, unyamaze, ukae chini."

Editha aliisoma karatasi. Kila neno lilikuwa kweli. Taa zilikuwa zinawaka. Barabara ilikuwa na mwanga mara nne zaidi ya kiwango cha sheria. Dereva alikuwa mzima, hakulewa, alikuwa na leseni. Atakayeisoma angefikia mwenyewe hitimisho moja tu: kama mwanga ulikuwepo na mtu hakuonwa, basi dereva Otmari Mhagama hakuwa anatazama. Miaka saba jela kwa uzembe.

"Mwanga ulikuwa mwingi mno, Mkurugenzi. Mwanga ukizidi..."

"Nani aliuzidisha?"

Wote wawili walijua.

Vimulimuli vilipoanza viliwashwa kwa ngazi ya tatu, mwanga wa kumtosha mtu kuona anapokanyaga. Mwaka wa tatu, mwanamke mmoja alivutwa ndani ya mashamba ya chai alfajiri akiwa njiani kwenda kazini. Jina lake Anjelista Mgimba. Alipotoka hospitali alikuja ofisini kwa Editha na mkono kwenye bandeji, akasema maneno machache tu: "Tuongezeeni mwanga." Editha alipandisha taa za mji mzima hadi ngazi ya saba mchana huohuo. Alikuwa amewajaribu wanafunzi ishirini wa chuo, wenye miaka ishirini na miwili, ndani ya ukumbi usio na ukungu, na wote walisema wanaona vizuri. Akatia saini. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyeguswa tena Kihanzile, na Editha alijivunia jambo hilo kuliko yote aliyoyafanya maishani.

"Kunywa chai yako," Fungo alisema. "Inapoa."

*

Jioni Anjelista alimkuta akichambua mboga nje ya nyumba yake. Siku hizi alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kiwandani. Hakukaa, ingawa alikaribishwa kigoda.

"Dada, nimesikia unataka kusema taa ndizo zilizoua."

"Umesikia kwa nani?"

"Mji huu mdogo. Ni kweli?"

"Ni kweli kwamba zilimficha. Mtu mwenye taa anaonekana yeye, lakini mwanga wake unaingia jichoni mwa mwingine na kumfuta yule aliye nyuma. Nilitakiwa kulijua hilo. Ndiyo kazi yangu."

Anjelista alitazama mkono wake mwenyewe, ule uliovunjwa. "Unawafahamu wale wa Halmashauri. Wakiambiwa taa ni mbaya hawatazirekebisha, watazizima. Kurekebisha ni kazi, kuzima ni kubonyeza tu. Halafu sisi tutapita wapi?"

"Nitawaambia wapunguze, wasizime."

"Utawaambia," Anjelista alisema, bila kejeli, kama mtu anayerudia neno la lugha asiyoijua.

"Na yule dereva? Afungwe kwa kosa langu?"

Kimulimuli cha Anjelista, kilichokuwa kikiwaka bure mwanga wa jioni ukiwa bado upo, kilikuwa kimeanza kuwavuta wadudu.

"Sijasema afungwe," alisema mwishowe. "Nimesema tu sisi tutapita wapi."

Alipoondoka Editha aliendelea kuchambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Alichoka uchovu usiotibiwa na usingizi. Angekuwa na jibu moja sahihi angelishika, hata kama lingemuunguza. Lakini hapa kila upande aliogeukia palikuwa na mtu amesimama.

*

Mahakamani palijaa. Otmari Mhagama alikuwa kizimbani, mwanamume wa miaka hamsini na minne aliyeendesha malori ya chai miaka ishirini na sita. Alikuwa amekonda. Kila alipoulizwa alijibu sentensi moja: "Sikumwona, mheshimiwa." Benchi la mbele aliketi Bi Sekunda Kilumile, mjane, na koti la kijivu la mumewe limekunjwa mapajani. Kila dereva aliposema sentensi yake, vidole vya Bi Sekunda vililikaza koti.

Mwendesha mashtaka alimuuliza Editha swali lililotarajiwa.

"Taa zilikuwa zinawaka?"

"Zote."

"Kwa hiyo palikuwa na mwanga wa kutosha dereva kuona?"

Bwana Fungo alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono imekunjwa. Editha alimtazama, kisha akatazama sakafu. Karatasi ilikuwa mkobani mwake. Alikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, kisha akae chini.

"Mwanga ulikuwa mwingi," alisema. "Ndiyo maana hakuona."

Watu wakaguna. Hakimu Ramla Kigosi akagonga meza, akamtaka aeleze kwa lugha ya watu.

"Mheshimiwa, chukua glasi ya maji safi. Ukimulika tochi upande mmoja, miale inapita, maji unayaona maangavu kama yalivyo. Tia tone moja la maziwa. Sasa mwanga ukiingia unatawanyika, glasi nzima inang'aa, na kilicho nyuma yake hukioni. Jicho ni glasi hiyo. La kijana ni maji safi. La mtu mzima lina maziwa kidogo, na kila mwaka yanaongezeka. Taa kali ikilipiga jicho kutoka pembeni, sehemu ya mwanga wake inapotea njia humo ndani na kutanda juu ya kila kitu. Ukungu wa nje nao unafanya vivyo hivyo. Vyeusi vinakuwa kijivu, kijivu kinakuwa cheupe. Mtu mwenye koti la kijivu anakwisha."

"Ni kweli," mwendesha mashtaka aliuliza, "kwamba daktari amekukuta na mtoto wa jicho?"

"Jicho la kushoto. Ndiyo."

"Shahidi mwenyewe haoni vizuri, mheshimiwa."

"Naona kama anavyoona dereva wa miaka hamsini na minne," Editha alisema. "Nilizipima taa hizi kwa macho ya watoto. Kosa ni hilo, na ni langu. Saini ni yangu."

Aliposema hivyo hakujisikia mwepesi kama watu wasemavyo. Alijisikia mtu aliyetua mzigo mguuni mwa mwingine.

Ndipo Bi Sekunda aliposimama. "Mheshimiwa, naomba kusema. Mume wangu hakuwa kivuli. Alikuwa mtu mrefu. Mnaniambia mtu mrefu hivyo, mbele ya macho ya mtu mzima, alikwisha kama moshi? Nikalishwe kwenye hilo lori nijionee. Na yeye," akamnyooshea Otmari kidole, "yeye akasimame pale mume wangu aliposimama. Akasimame avae na koti."

Karani alitaka kumkalisha. Hakimu alimzuia karani kwa mkono, kisha akaandika amri: kesho alfajiri mahakama itahamia eneo la tukio, na upande wa utetezi ukiridhia, ifanyike kama alivyoomba. Otmari aliridhia kabla wakili wake hajafungua kinywa.

*

Kesho yake ukungu ulikuwa kama wa siku ile. Lori liliegeshwa palepale, breki zimefungwa. Otmari, kati ya askari wawili, alivaa koti la marehemu. Lilikuwa refu kwake, mikono ilimfunika vidole. Askari walimwacha ng'ambo ya njia, wakarudi nyuma.

Hakimu alipanda kwanza kwenye kiti cha dereva wakati wanawake wakipita. Akashuka, akaandika. Kisha akamwambia Bi Sekunda, "Panda, mama."

Zamu nzima ilikuwa imeombwa ipite tena. Editha alipanda kiti cha pembeni. Bi Sekunda alishika usukani kwa mikono miwili ingawa lori halikuwa likienda popote, akainama mbele mpaka paji la uso wake likakaribia kioo. Vimulimuli vilikuja vikielea sawasawa na macho yake, maana kiti cha lori ni cha juu.

"Yuko wapi?" alisema.

"Yuko mbele yako, mama. Hatua thelathini."

"Ameondoka. Wamemtorosha."

"Hajaondoka."

Bi Sekunda alifumba macho, akafumbua. Machozi yalikuwa yakimtoka, na Editha hakujua ni ya mwanga au ya nini. "Simwoni. Huyu mtu jana nimemtazama kutwa nzima, namjua hata kovu lake. Simwoni."

Editha alichukua jalada la daftari lake, kipande cha boksi kisicho na thamani yoyote, akakiinua mbele ya kioo kwa usawa wa macho ya mjane, kikaziba taa na kuacha wazi sehemu ya chini tu, penye barabara.

Otmari akatokea. Hakuwa wazi sana, ukungu haukuruhusu, lakini alikuwapo: miguu, pindo la koti, mikono miwili iliyojikumbatia. Alikuwa amesimama kama alivyoambiwa, hakusogea hata unyayo.

Editha akashusha boksi. Otmari akatoweka. Editha akaliinua tena.

Bi Sekunda alimtazama kwa muda. Vidole vyake vikalegea kwenye usukani, kimoja kimoja.

"Anatetemeka," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti iliyochoka kuliko ya Editha, "Mwambieni atoke kwenye baridi."

*

Otmari aliachiwa. Hakimu akaiagiza Halmashauri ishushe taa zote hadi ngazi ya tatu na kuzikinga zisimulike machoni, ndani ya siku tisini. Bwana Fungo hakungoja siku tisini. Siku ya nne, saa mbili usiku, mtu mmoja ofisini alibonyeza, na vimulimuli vyote vya Kihanzile vikashuka chini kama matunda yaliyoiva, vikalala mabegani na vichwani mwa wenyewe, vikazima. Tangazo lilisema zimezimwa kwa usalama wa umma, kufuatia ushahidi wa mhandisi E. Nyagawa. Editha alisimamishwa kazi. Walichukua kipimo chake, kitambulisho, na kimulimuli chake, kwa sababu kilikuwa na namba ya ofisi.

Juma la kwanza hakutoka. Juma la pili mwanamke mmoja alikimbizwa karibu na mto. Aliponea chupuchupu kwa kupiga kelele. Siku hiyo Anjelista alikuja, na safari hii alikaa.

"Sikuja kukulaumu," alisema. "Nilikulaumu njiani, nikamaliza."

"Nilisema wapunguze."

"Najua ulisema."

Editha aliingia ndani, akatoka na mchoro. Alikuwa ameuchora usiku baada ya usiku, bila kujua anamchorea nani. Ilikuwa kofia ya bati kama bakuli lililofunikwa juu ya taa. Kwa uzito wake kimulimuli kisingepanda juu ya kichwa. Kingeelea usawa wa kiuno na kumwaga mwanga chini, miguuni na njiani, bila mwale hata mmoja kuliingia jicho la mtu. Akamwonyesha pia kitufe tumboni mwa taa ambacho mafundi walikitumia, cha kuiwasha kwa mkono kwa ngazi ya tatu bila kupitia ofisini.

"Hilo ni kosa kisheria," Editha alisema. "Lazima ujue. Na tena, hamtaonekana kwa mbali kama mlivyozoea. Mtu mbaya akijificha chaini mtamwona ninyi zaidi, kwa sababu macho yenu hayatakuwa na pazia. Lakini sijalijaribu hilo. Safari hii siahidi kitu ambacho sijakijaribu kwa macho ya watu wazima."

"Basi tukajaribu," Anjelista alisema. "Mimi nina miaka hamsini na mmoja. Nafaa?"

Fundi wa mabati sokoni alitengeneza kofia kumi na moja, bati likamwishia. Alfajiri ya Jumatatu wanawake wengi zaidi walikusanyika, wakajipanga wawili wawili, mwenye taa na asiye na taa. Hawakupendeza macho kama zamani. Hakuna aliyeonekana kama nyota. Ila Editha, aliyewafuata mwisho kabisa bila mwenza kwa kuwa idadi ilikuwa witiri, aliona mashina ya chai pande zote mbili, shina kwa shina, mpaka ndani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utandu wake wa kawaida, lakini lile la kulia liliona. Hakufurahi. Alikuwa anahesabu hatua na kusikiliza magoti.

Njiapanda walisimama. Lori lilikuwa linateremka, bila mlio. Likapunguza mwendo kabla hawajalipisha, likasimama kabisa. Dereva mpya, maana Otmari hakutaka tena kushika usukani, akateremsha kioo.

"Piteni, akina mama," aliita.

Wakapita. Wawili, kumi, ishirini na wawili. Editha alibaki ng'ambo hii, nyuma ya wote, katika sweta lake jeusi, bila taa. Alisita. Alifikiri atangoja lori liende kwanza.

Lori halikwenda.

"Na wewe mama uliyebaki, mwenye sweta," dereva alisema, akaegemeza mkono dirishani. "Nimekusimamia. Vuka."